Roho ya Bwana au Roho wa Bwana? Sarufi ndani ya maneno ya dini

Fungua Biblia ya Kiswahili ya Union, ile ya mwaka 1952, utafute Isaya 61:1. Utasoma: "Roho ya Bwana MUNGU i juu yangu." Sasa nenda Luka 4:18, pale Yesu anaposimama katika sinagogi la Nazareti, akapewa chuo cha nabii Isaya, akasoma mahali hapohapo. Utakuta: "Roho wa Bwana yu juu yangu." Nabii ni yuleyule na tamko ni lilelile, lakini *ya* imegeuka *wa*, na *i* imegeuka *yu*. Kwa Isaya, roho imevaa viambishi vya nyumba, nguo au nguvu. Kwa Luka amevaa viambishi vya mtu.

Ukienda kutafuta chanzo cha tofauti hiyo katika lugha za asili, hutakipata. Kiebrania cha Isaya hakina kitenzi mahali hapo. Maneno yamewekwa bega kwa bega tu, roho, Bwana, juu yangu. Kigiriki cha Luka nacho hakina kitenzi. Hakuna *i*, hakuna *yu*. Ni Kiswahili chenyewe kilichomsimamia mtafsiri kichwani na kumuuliza: huyu unayemtaja ni nani, au ni nini? Sentensi ya Kiswahili haitoki kinywani mpaka swali hilo lijibiwe, na watafsiri walijibu kwa namna mbili. Katika Agano la Kale mara nyingi waliandika kwa ngeli ya I-ZI: "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji," inasema Mwanzo 1:2. Katika Agano Jipya wakahamia A-WA: kwenye ubatizo Yesu "akamwona Roho wa Mungu akishuka kama hua."

Nadhani hawakuteleza. Walikuwa wanasoma Agano la Kale kama kitabu ambamo roho bado ni pumzi na uwezo wa Mungu, na Agano Jipya kama kitabu ambamo Roho ni nafsi. Huo ni msimamo wa kitheolojia, tena mzito, na umeandikwa kwa herufi mbili tatu ambazo msomaji hupita juu yake bila kuziona. Katikati ya njia kuna Zaburi 51:11: "Wala roho yako mtakatifu usiniondolee." *Yako* ni ya I-ZI, *mtakatifu* ni ya A-WA. Mwenye haraka atasema hapo pamekosewa. Lakini ndivyo tunavyosema pia rafiki yako mpole, baba yako mzee: nomino za undugu na urafiki zisizo na kiambishi cha M- kwa kawaida huchukua umilikishi wa I-ZI na sifa za A-WA. Kwa hiyo mtunga zaburi, katika Kiswahili, anamtaja Roho kwa sarufi ileile tunayowatajia baba na rafiki.

Walimu wa lugha huliita jambo hili upatanisho wa kisarufi. Nalipenda jina hilo kwa sababu neno *upatanisho* lina kazi nyingine kanisani: Warumi 3:25 inamwita Kristo "upatanisho". Neno moja linalinganisha viambishi darasani na kuwasuluhisha Mungu na watu mimbarini.

Lugha nyingine zina mtihani wao hapohapo. Kiebrania *ruah*, roho, kwa kawaida ni neno la kike. Kigiriki *pneuma* si la kike wala la kiume, ni la jinsia ya tatu ambayo sarufi huipa vitu. Kilatini *spiritus* ni la kiume. Basi Roho huyohuyo, akivuka kutoka Yerusalemu kwenda Roma, amebadilishwa vazi mara mbili bila mtu yeyote kukaa baraza na kuamua. Wakristo wa Kisiria, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiebrania, mwanzoni walimpa Roho Mtakatifu vitenzi vya kike kama neno lao *ruha* lilivyodai. Kuanzia karne ya 5 desturi ikabadilika, wakaanza kumpa vya kiume hata kama neno limebaki la kike. Na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kwenye Warumi 8:16, ilimtaja Roho kwa kiwakilishi cha kitu, kwa kuwa Kigiriki kilikuwa kimefanya vivyo hivyo. Waliokuja baadaye walikirekebisha.

Kiswahili kimeepushwa na ugomvi mmoja mkubwa. *Yeye* hajulikani kuwa mwanamume au mwanamke. Wale wanaobishana kwa lugha za Ulaya kama Mungu atajwe kwa kiwakilishi cha kiume wangepumzika wakija kwetu. Ila wakishapumzika wataulizwa swali ambalo kwao halikuwapo: ni *huyu* au ni *hii*?

Upepo, pepo, roho

Kuna jambo lingine linalopotea katika safari hiyo, nalo ni upepo. *Ruah* ya Kiebrania ni upepo, ni pumzi, ni roho. *Pneuma* ya Kigiriki ni hivyo hivyo. Yesu anapozungumza na Nikodemo usiku, katika Yohana 3:8, anachezea neno hilo moja: *pneuma* huvuma lipendako, na ndivyo alivyo kila aliyezaliwa kwa *pneuma*. Msikilizaji wa Kigiriki hakuhitaji kuelezwa mfano. Mfano na jambo lenyewe vilikuwa neno moja. Kiswahili kinasema: "Upepo huvuma upendako… kadhalika na hali yake kila mtu aliyezaliwa kwa Roho." Lile neno lililozunguka na kujirudia limepasuka likawa mawili, na *kadhalika* imewekwa katikati kama daraja.

Lakini je, Kiswahili hakikuwa na neno lake la namna hiyo? Kilikuwa nalo, tena zuri. *Upepo* wingi wake ni *pepo*, na *pepo* ni hao hao wanaopanda vichwani mwa watu. Shina ni moja: kinachovuma bila kuonekana. Kwa upande wa maana, hakuna neno la Kiswahili lililoikaribia *pneuma* kama hili. Watafsiri hawakuweza kuligusa. Pepo mwenye kumpanda mtu alikuwa tayari ana wenyewe, ana ngoma zake na waganga wake. Kusema "Pepo Mtakatifu" kungeleta picha nyingine kabisa. Wakachukua *roho*, kutoka Kiarabu *ruh*, na *pepo* likaachiwa wale wabaya: "pepo wachafu" wa Injili. Ukitazama kwa jicho la sarufi utaona hata hapo ngeli zinafanya kazi. Pepo *za* kusi ni hewa. Pepo *wa*chafu wana akili na majina.

Kichekesho ni kwamba *ruh* ya Kiarabu yenyewe ina undugu na *rih*, yaani upepo. Upepo ulikuwa umefichwa ndani ya neno la mkopo muda wote. Sisi tuliokopa ndio hatuuoni, kwa sababu neno la kuazima haliji na ukoo wake. Na kama hiyo haitoshi, Yesu msalabani anamwambia yule mhalifu: "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." *Pepo*, makao ya wema, inaandikwa sawasawa na *pepo*, mzuka wa kupungwa, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa kuwa ngeli na muktadha vinalinda mpaka.

(Mstari huo una kisa chake kingine. Hati za kale za Kigiriki hazikuwa na alama za vituo kama zetu. Je, ni "nakuambia, leo utakuwa pamoja nami," au ni "nakuambia leo, utakuwa pamoja nami"? Mkato mmoja unasogea neno moja, na mafundisho juu ya hali ya wafu yanasogea nao. Mashahidi wa Yehova huuweka baada ya *leo*. Wengi wa wengine huuweka kabla.)

Neno alikuwako, neno li hai

Mfano wa pili ni Yohana 1:1. "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Neno ni la ngeli ya LI-YA. Mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi angeandika *lilikuwako*. Hapa limeandikwa *alikuwako*, na mbele kidogo: "Vyote vilifanyika kwa huyo."

Tazama kwanza ustadi wa sentensi ya ufunguzi. *Kulikuwako* Neno. Kiambishi ni *ku-*, cha mahali, kisichosema kama Neno ni mtu au kitu. Katika kipande hicho cha kwanza mtafsiri amepata mlango wa pembeni, amesema bila kuamua. Kwenye kipande cha pili mlango umefungwa. Lazima aseme *li-* au *a-*, naye amesema *a-*.

Kigiriki hakikulazimika. *Logos* ni neno la kiume kisarufi, na viwakilishi vyake vingekuwa vya kiume hata kama lingekuwa ni neno la kawaida la kuombea maji. Kiwakilishi cha kiume hapo hakithibitishi unafsi, wala hakiukanushi. Msomaji wa kwanza wa Yohana aliweza kusoma mistari kumi na mitatu akidhani anasikia habari za hekima ya Mungu au amri yake, mpaka afike mstari wa 14, "Naye Neno alifanyika mwili," ndipo ashtuke. Msomaji wa Kiswahili ameshaambiwa siri kwenye mstari wa kwanza. Sisemi mtafsiri alikosea. Nasema alilipa gharama, nayo ni ule mshtuko.

William Tyndale, alipotafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, aliandika kwamba vitu vyote vilifanywa kwa *hicho*, kiwakilishi cha kitu. Luther kwa Kijerumani hakuwa na hiari, kwani neno la Kijerumani la "neno" ni la jinsia ya tatu, na kiwakilishi chake kikafuata. Hakuna kati ya hao wawili aliyeukana uungu wa Kristo. Walifuata sarufi, wakaiachia sura yenyewe kazi ya kufunua.

Sasa linganisha na Waebrania 4:12 katika Biblia hiyohiyo ya Kiswahili: "Maana Neno la Mungu li hai, tena lina nguvu." Lina herufi kubwa, lina uhai, lina ukali kuliko upanga, lakini limebaki *li*. Mtafsiri ameamua kwamba huku linatajwa tamko la Mungu, wala si Kristo. Kuna wafafanuzi wa zamani wa Kigiriki waliosoma vinginevyo. Kwa Kiswahili mjadala wao hauna pa kuingilia.

Qurani nayo ina mahali pa namna hii, na ni pazuri sana. Katika Aal-Imran, 3:45, malaika wanamwambia Maryam kwamba Mwenyezi Mungu anambashiria *kalima* kutoka kwake, "jina lake Masihi". *Kalima*, neno, ni la kike kwa Kiarabu. Ungetarajia *ismuha*, jina lake la kike. Aya inasema *ismuhu*, la kiume, kwa sababu anayekusudiwa ni Isa, na wafasiri wamelieleza hilo zamani. Katika An-Nisaa, 4:171, kalima hiyohiyo inatajwa tena, na safari hii kiwakilishi ni cha kike, kikifuata neno lenyewe. Kiarabu kimefanya mara moja hivi na mara moja vile, kama vile Biblia yetu ilivyofanya kwa Roho. Na Kiswahili? "Jina lake." *-ake* haijui mume wala mke, mtu wala kitu. Mkunjo wote ule mzuri umenyooshwa kama nguo iliyopigwa pasi. Nilipouona kwa mara ya kwanza katika Kiarabu nilirudi kwenye tafsiri tatu za Kiswahili kuutafuta. Haumo, wala usingeweza kuwamo.

Mungu mmoja, miungu mingi

Neno *Mungu* lenyewe ni la ajabu. Kwa umbo ni la ngeli ya mti na mto: mungu, miungu. Kwa upatanisho wa umoja tumelihamishia kwa watu: Mungu *a*napenda, Mungu *mw*enyewe. Lakini wingi wake hurudi kwenye miti. "Usiwe na miungu *mi*ngine ila mimi," yasema Kutoka 20:3. Haikuandikwa *wengine*. Mmoja wa kweli ana upatanisho wa mwenye uhai, na wale wengi wanapatanishwa kama mito na mikeka. Amri ya kwanza imo ndani ya kiambishi kabla hujafika kwenye maana ya sentensi.

Kiebrania kina mchezo unaofanana, ila kwa njia iliyopinduliwa. *Elohim* ni wingi kwa umbo. Likimtaja Mungu wa Israeli, kitenzi chake huwa cha umoja: mstari wa kwanza wa Mwanzo una nomino ya wingi na "aliumba" ya umoja. Likiitaja miungu ya mataifa, kitenzi huwa cha wingi. Neno ni moja. Kitenzi ndicho kinachotenganisha Mungu na masanamu.

Waislamu wanaotafsiri shahada kwa Kiswahili hukutana na tatizo hili uso kwa uso. *La ilaha illa Llah.* Kiarabu kina maneno mawili hapo: *ilah*, chochote kinachoabudiwa, na *Allah*. Ukisema "hapana mungu ila Mungu", umetumia neno moja mara mbili na kuiachia herufi kubwa kazi yote. Herufi kubwa haisikiki masikioni, na shahada ni tamko la mdomo kwanza. Ndiyo maana wengi husema "ila Allah" au "ila Mwenyezi Mungu". Wengine huongeza maneno: hapana *apasaye kuabudiwa kwa haki* ila Allah. Anayesikia hilo mara ya kwanza hudhani mfasiri amejitungia. Hakujitungia. Ile *la* ya mwanzo ni *la* inayokanusha jinsi nzima, na kanuni ya sarufi ya Kiarabu ni kwamba sentensi yake inahitaji kiarifa, yaani kile kinachosemwa juu ya kiima, ambacho hapa kimeachwa bila kutamkwa. Wanachuoni huuliza: hapana ilah… nini? Wakisema "aliyepo", maelezo yanagongana na mambo tunayoyaona, kwa kuwa vinavyoabudiwa vipo tele. Kwa hiyo hukadiria "wa haki". Yale maneno marefu ya Kiswahili ni kiarifa kilichofichwa kwenye Kiarabu, kimetolewa nje kikaonekana.

Nani anarudi kwa nani

Neno ambalo ningependa kukaa nalo zaidi ni *tubu*. "Tubuni, kwa maana ufalme wa mbinguni umekaribia." Kigiriki cha Mathayo 4:17 kina *metanoeite*, badilisheni nia zenu. Kilatini cha Jerome, mtafsiri wa kale wa Biblia, kiliandika *paenitentiam agite*, na kwa karne nyingi watu wa Ulaya Magharibi walisikia humo "fanyeni kitubio", yaani kazi iliyopangiwa na padri baada ya kuungama. Erasmus, msomi wa Uholanzi, alipolirudia neno la Kigiriki katika karne ya 16, alipendekeza kwa Kilatini kitenzi chenye maana ya kurudiwa na akili. Luther naye mwaka 1517 alifungua hoja zake 95 kwa mstari huohuo, akasema Bwana alitaka maisha yote ya waumini yawe toba, na kwamba neno hilo haliwezi kueleweka kama ile sakramenti ya padri. Tafsiri ya maneno mawili ilikuwa imebeba mfumo mzima wa malipizi.

Na sisi? *Tubu* imetoka Kiarabu *taba*, ambayo asili yake ni kurudi. Kiebrania cha manabii nacho husema *shuv*, rudi. Kwa hiyo Mkristo anayesoma Mathayo kwa Kiswahili anatumia neno ambalo ukoo wake umelivuka lile la Kigiriki ukaenda kushikana mikono na la Isaya na Yeremia. Mkopo wa Kiarabu umemrudisha karibu na lugha ambayo Yesu mwenyewe huenda alihubiria, kwani Kiaramu kina kitenzi cha ukoo huo.

Ila katika Kiarabu *taba* ni barabara ya pande mbili, na kihusishi ndicho kinachoonyesha uelekeo. *Taba ila*: mja amerudi kwa Mola wake. *Taba 'ala*: Mola amemrudia mja wake kwa rehema. Kitenzi ni kimoja kwa wote wawili. Kwa Kiswahili hatuwezi kusema Mungu ametubu. Sikio linakataa, kwa maana kwetu *tubu* imeshikamana na dhambi. Kwa hiyo *At-Tawwab*, jina la Mungu lenye mzizi uleule, huwa "Mwingi wa kupokea toba". Mja anatenda, Mungu anapokea. Si uongo, lakini mwendo umegawanywa: mmoja anatembea, mwingine amekaa anangoja mgeni.

Halafu unafika Surat At-Tawba, 9:118, katika habari za wale masahaba watatu walioachwa nyuma, waliokosa kwenda vitani pamoja na Mtume. Kiarabu kinasema Mwenyezi Mungu *taba 'alayhim* ili *yatubu*: aliwarudia ili wao warudi. Mungu ametangulia. Ukiweka pale tafsiri ya kawaida, "akapokea toba yao ili watubu", mpangilio unagonga ukuta: toba imepokelewa kabla haijaletwa. Mfasiri mwangalifu huliona na kubadili usemi, akaandika kitu kama kuwaelekea kwa rehema, au kuwawezesha. Hapo maana imepona, lakini ule mwangwi wa *taba… yatubu*, kitenzi kimoja kikiitana na chenyewe kutoka juu na kutoka chini, haupo tena.

Neema ina kisa kifupi zaidi. Katika Luka 1:28 malaika anamwita Maria *kekharitomene*. Ni neno moja, ni kitenzi kilichogeuzwa kuwa sifa, kiko katika kauli ya kutendwa, na wakati wake ni ule wa jambo lililokamilika ambalo matokeo yake bado yapo. Kilatini kilisema *gratia plena*, na sala ya Wakatoliki ikafuata: "Salamu Maria, umejaa neema." Biblia ya Union inasema: "Salamu, uliyepewa neema." Watu wamegombana sana juu ya haya mawili, wengine wakiona ya kwanza inamtukuza mno na ya pili inampunguza. Nikiyatazama kama sarufi tu, naona kila moja imeshika nusu. *Umejaa* ina *-me-*, hali iliyotimia na inayoendelea, kama Kigiriki. Lakini haisemi nani alijaza. *Umepewa* ingesema kuna mpaji, na *uliyepewa* inasema hivyo, ila *-li-* yake inaliweka jambo katika wakati uliopita. Kiswahili kina neno *umejaliwa*, lenye *-me-* na lenye kutendwa, na halitumiki ila Mjalia akiwa ni Mungu. Sijui kwa nini halikuchaguliwa.

Kwa upande mwingine kuna mahali ambapo Kiswahili kinaweza kuacha mlango wazi, na watafsiri wengine wanaufunga kwa haraka. *-a* ya umilikishi ni hodari wa kutosema. Upendo wa Mungu: ni Mungu anayependa, au anayependwa? Wagalatia 2:16 katika Union ina "imani ya Kristo", sawasawa na Kigiriki *pistis Khristou*, na wasomi mpaka leo wanabishana kama ni imani tuliyo nayo kwake au ni uaminifu wake yeye. Tafsiri za lugha nyepesi huandika *kumwamini* Kristo. Ile *-mw-* ndogo imemaliza kesi. Kristo amekuwa mtendwa. Inasomeka vizuri zaidi, nakubali. Lakini msomaji amenyang'anywa swali bila kuambiwa kwamba lilikuwapo.

Kiarabu kina *min*. An-Nisaa 4:171 inamtaja Isa kuwa *ruhun minhu*. Wakristo waliobishana na Waislamu walishikilia kwamba *min* hapo ni ya sehemu: roho iliyo kipande chake. Wanachuoni wa Kiislamu walijibu kwa sarufi hiyohiyo: *min* pia ni ya chanzo, na Al-Jathiya 45:13 inasema vyote vilivyomo mbinguni na ardhini ni *minhu*, na hakuna anayedai mawe na mito ni vipande vya Mungu. Tafsiri za Kiswahili husema "roho iliyotoka kwake". *Kutoka kwa* ni chanzo, basi. Msomaji wa Kiswahili hatajua kamwe kwamba kihusishi cha herufi mbili kilikuwa uwanja wa mapambano.

*Islam* yenyewe ni kitenzi jina: kujisalimisha, tendo. Tuliipa kiambishi *U-*, ikawa Uislamu, ikakaa kwenye rafu moja na Ukristo na Uyahudi, jina la jumuiya na mfumo. Kwa hiyo Aal-Imran 3:67 inaposema Ibrahim alikuwa *muslim*, msomaji wa "Mwislamu" hujiuliza iweje, naye aliishi karne nyingi kabla ya Mtume Muhammad. Kwa Kiarabu aya inaweza kusikika kwanza kama sifa: mwenye kujisalimisha. Bahati nzuri tumebaki na kitenzi *silimu*, ingawa nacho siku hizi kimekuwa habari ya kubadili dini.

Nimeliacha la Kutoka sura ya 3 hadi mwisho kwa sababu ndilo linalonisumbua zaidi. Musa yuko mbele ya kijiti kinachowaka, anauliza jina. Anajibiwa *ehyeh asher ehyeh*. Kiebrania hakikubagua hapo kati ya wakati uliopo na ujao kama sisi tunavyobagua. Watafsiri wa kale wa Kigiriki waliandika "Mimi ndimi Aliyepo", na wanafalsafa wakapata humo asili ya kuwapo kwa vyote. Kilatini kikasema "mimi ndimi niliye". Union ya Kiswahili iliandika kwa herufi kubwa: MIMI NIKO AMBAYE NIKO.

Hawakusema *ni*. Wamesema *niko*, na *-ko* ni ya mahali. Ni jibu la mtu aliyebishiwa hodi, au aliyeitwa jina kwenye orodha. Falsafa ya kuwapo imepungua, ukaribu umeongezeka. Tena mistari miwili tu nyuma, 3:12, *ehyeh* ileile imetafsiriwa "Bila shaka mimi nitakuwa pamoja nawe." Nitakuwa, kisha niko. Kwa Kiebrania jina ni ahadi iliyorudiwa. Kwa Kiswahili ahadi iko mstari mmoja na jina liko mwingine.

Kisha inakuja sehemu ya mwisho ya mstari wa 14, ambayo Musa anatakiwa awaambie wana wa Israeli: "MIMI NIKO amenituma kwenu." Kiima ni nafsi ya kwanza, kitenzi ni nafsi ya tatu. Mwalimu wa sarufi angepigia mstari mwekundu. Kiebrania nacho kimevunjika palepale, vilevile, na mara hii mtafsiri hakukiziba.